Pikipiki: Namna ya kukaza nati za cheni na gurudumu la nyuma kwa kipimo sahihi

Katika eneo la West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, pikipiki humpeleka mkulima sokoni, mwanafunzi shuleni na, usiku wa manane, mama mjamzito hospitalini. Hata hivyo nati chache zinazoshikilia cheni na gurudumu lake la nyuma mara nyingi hukazwa kwa kukisia tu. Makala haya yanaeleza kwa nini kukisia ni hatari, na jinsi mtu aliye mbali na gereji anavyoweza kupima mkazo sahihi kwa spana ya kawaida na jerikeni ya maji.

Barabara ya lami inayotoka mpaka wa Vurra, ikapita Arua na Koboko hadi Oraba kwenye mpaka wa Sudan Kusini, imerahisisha sana safari za wakazi wa eneo hili. Kutoka Arua hadi Koboko ni takriban kilomita 55, na mwendesha bodaboda huzimaliza bila taabu kubwa. Lakini mtu anayeishi Logiri, kusini mwa jiji la Arua, au katika makazi ya wakimbizi ya Lobule wilayani Koboko, huanza na kumaliza safari yake katika njia za murami. Wakati wa kiangazi, kuanzia Desemba hadi Machi, njia hizo hujaa vumbi jekundu na vijituta vilivyopangana kama ubao wa kufulia. Mvua zinapoanza, vumbi hilo hilo hugeuka kuwa matope. Mtikisiko na uchafu ndio maadui wawili wakubwa wa kila nati iliyo nyuma ya injini.

Hesabu ndogo inatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Gurudumu la nyuma la pikipiki ndogo kama Bajaj Boxer, ambayo ni miongoni mwa zinazoonekana zaidi katika barabara za Uganda, husogea chini kidogo ya mita mbili kila linapozunguka mara moja. Kati ya Arua na Koboko, basi, gurudumu hilo huzunguka karibu mara 30,000, na sproketi ndogo ya mbele huzunguka karibu mara tatu ya idadi hiyo. Katika gia ya kwanza, pikipiki ikiwa imebeba abiria wawili na gunia la mihogo, cheni huvutwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa watu wazima kadhaa. Mvuto wote huo huishia kwenye nati zisizozidi kiganja kimoja cha mkono.

Nati hizo zikiachia, matokeo hayasubiri. Cheni iliyochomoka ikiwa katika mwendo inaweza kujikunja kwenye sproketi na kulifunga gurudumu ghafla, au kuipasua nyumba ya injini. Gurudumu lililolegea huvutwa upande mmoja na cheni, na dereva hupoteza uwezo wa kuiongoza pikipiki hasa pale anapoongeza mwendo au anapofunga breki. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu, na kwa pikipiki pabovu hapo mara nyingi ni nati ambayo hakuna aliyeigusa tangu mwezi uliopita.

Bolti ni springi

Watu wengi hudhani kwamba bolti hushika kwa sababu tu imeingia ndani ya nati, kama mguu unavyoingia katika kiatu. Sivyo hasa. Nati inapozungushwa, hesi, yaani ile mifereji inayoizunguka bolti, huivuta bolti na kuirefusha kwa kiasi kidogo sana kisichoonekana kwa macho. Chuma kilichovutwa hutaka kurudi katika urefu wake wa kwanza, kama mpira wa manati. Nguvu hiyo ya kutaka kurudi ndiyo inayovibana vipande viwili na kuvifanya kuwa kama kipande kimoja.

Bolti isiyovutwa vya kutosha haina nguvu hiyo. Vipande vilivyo chini yake huanza kuteleza kidogo kidogo, kwenda na kurudi, na kila mtelezo huipa nati nafasi ya kujizungusha nyuma. Mwaka 1969 mhandisi Gerhard Junker alionyesha kwa majaribio kwamba mtelezo huo wa kuikata bolti upande kwa upande ndio unaolegeza nati haraka kuliko mtikisiko wa kuivuta kwa urefu wake. Kwa maneno mengine, nati haifunguki kwa sababu barabara ni mbaya peke yake. Hufunguka kwa sababu haikuwa imevibana vipande vyake kiasi cha kuvizuia visiteleze.

Bolti iliyovutwa kupita kiasi nayo ina ugonjwa wake. Chuma kina mpaka wa kuvutwa. Kikivuka mpaka huo hurefuka moja kwa moja na hakirudi tena, mfano wa mpira wa manati uliochoka. Nati huonekana imekaza, lakini nguvu ya kubana imepungua, na safari chache baadaye bolti hukatika au hesi yake huliwa. Pale ambapo bolti ya chuma inaingia katika aluminiamu, kama ilivyo kwenye nyumba ya injini, hesi zinazoliwa ni zile za aluminiamu, na hapo gharama si ya bolti moja bali ni ya sehemu nzima ya injini.

Ndiyo maana methali ya gereji isemayo kwamba nati haikazwi sana ina ukweli nusu tu. Kuna mkazo pungufu na kuna mkazo uliozidi, na kati yake kuna nafasi ambayo mtengenezaji ameipima na kuiandika.

Kusoma namba za kitabu

Mkazo hupimwa kwa nguvu ya msokoto, yaani nguvu unayoweka kwenye mpini wa spana ikizidishwa kwa urefu wa mpini huo. Kipimo chake ni nyutoni-mita, ambacho katika vitabu vya pikipiki huandikwa kwa herufi Nm. Vitabu vingine hutumia kilo-mita, na kilo-mita moja ni karibu sawa na nyutoni-mita 10. Kwa hiyo ukiona nati imeandikiwa kilo-mita 6, soma nyutoni-mita 60 na hutakuwa mbali na ukweli.

Kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Tatizo ni kwamba vitabu hivi kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza, na pikipiki iliyonunuliwa mkononi mwa mtu wa tatu au wa nne mara nyingi haina kitabu kabisa. Kwa bolti na nati za kawaida za chuma ambazo kitabu hakikuzitaja kwa jina, viwango vya jumla vinavyotolewa na watengenezaji wa Kijapani kama Honda ni hivi: bolti ya unene wa milimita 6, takriban Nm 10, milimita 8, takriban Nm 22, milimita 10, takriban Nm 34, na milimita 12, takriban Nm 54. Nati ya ekseli ya nyuma huwa na kiwango chake maalumu, na katika pikipiki nyingi ndogo kiwango hicho huangukia kati ya Nm 50 na 90.

Tahadhari mbili zinahitajika hapa. Ya kwanza ni kwamba unene unaotajwa ni wa mwili wa bolti, si namba iliyochorwa kwenye spana. Bolti ya milimita 6 hukazwa mara nyingi kwa spana namba 10 au 8, na bolti ya milimita 8 kwa spana namba 12 au 13. Ya pili ni kwamba bolti ya kumwagia oili chini ya injini, ijapokuwa ni nene, huingia katika aluminiamu na hukazwa kwa kiwango cha chini zaidi. Usiipime kwa viwango vya jumla, fuata kitabu au umuulize fundi anayeijua pikipiki ya aina hiyo.

Jerikeni badala ya spana ya kipimo

Gereji kubwa hutumia spana ya kipimo, ambayo hutoa mlio au huonyesha namba pale mkazo uliotakiwa unapofikiwa. Ni chombo kizuri, na wanachama wa steji moja ya bodaboda wanaweza kuchangishana wakakinunua na kukitumia kwa zamu. Asiye nacho ana njia nyingine iliyo sahihi kuliko nguvu za mkono peke yake, nayo ni maji.

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Jerikeni ya njano ya lita 20, iliyojaa, ni kilo 20 za maji na karibu kilo moja ya jerikeni yenyewe. Ukiitundika kwenye mpini wa spana uliolala sawa na ardhi, uzito wake huizungusha nati kwa nguvu unayoweza kuihesabu. Kanuni ni rahisi: zidisha lita za maji kwa sentimita kutoka katikati ya nati hadi pale kamba ilipofungwa, kisha gawanya kwa 10. Jibu ni nyutoni-mita.

Tuchukue mifano. Lita 20 kwa sentimita 30 ni 600. Gawanya kwa 10, unapata Nm 60, kiwango kinachofaa nati nyingi za ekseli. Lita 10 kwa sentimita 34 ni Nm 34, mkazo wa bolti ya milimita 10. Lita 10 kwa sentimita 22 ni Nm 22, mkazo wa bolti ya milimita 8. Na lita 5 kwa sentimita 20 ni Nm 10, kiasi kinachotosha bolti ndogo ya milimita 6. Uzito wa jerikeni yenyewe na wa spana huongeza kidogo, lakini si kwa kiasi cha kuharibu kazi. Tumia maji, usitumie petroli wala mafuta ya kupikia, kwa kuwa hivyo ni vyepesi kuliko maji na vitakudanganya.

Njia hii ina adabu zake. Simama ukiitazama nati uso kwa uso na uelekeze mpini wa spana upande wako wa kulia, ili uzito unaoshuka uikaze nati na si kuifungua. Anza mpini ukiwa juu kidogo ya usawa, kisha achilia jerikeni polepole kwa mikono miwili. Ukiiachia ghafla, kishindo chake kinaweza kuongeza nguvu mara mbili na hesabu yako itakuwa bure. Mpini ukishuka chini ya usawa, inua jerikeni, rudisha spana juu, na utundike tena. Mpini unapobaki karibu na usawa bila kushuka zaidi, kiwango kimefikiwa. Mtu wa pili ashike pikipiki isiyumbe, na miguu ya wote wawili iwe mbali na mahali jerikeni inapoweza kuangukia.

Ikiwa bomba la moshi au kikanyagio kinazuia jerikeni isining'inie, tumia mizani ya ndoano kama ile inayopimia nyama au kahawa sokoni. Ifunge kwenye mpini na uivute ukiwa umefanya pembe mraba na spana. Kilo unazosoma kwenye mizani zichukue mahali pa lita katika hesabu ile ile.

Faida nyingine ya zoezi hili ni kwamba mkono hujifunza. Tafuta bolti kuukuu, ifunge kwenye chuma kizito, na uikaze kwa jerikeni ya lita 5, kisha ya lita 10, kisha ya lita 20. Baada ya kila moja, ishike spana kwa mkono na uhisi nguvu inayohitajika kuisogeza. Wengi hushangaa kugundua kwamba kwa bolti ndogo walikuwa wakitumia mara mbili ya nguvu inayotakiwa, na kwa nati ya ekseli nusu yake tu.

Kazi ya nyumbani, hatua kwa hatua

Simamisha pikipiki mahali tambarare, kwenye stendi ya kati, injini ikiwa imezimwa na imepoa, na gia ikiwa huru. Usikague cheni injini ikiwa inaunguruma, hata kwa dakika moja. Cheni inayozunguka huingiza kidole kati yake na sproketi kabla mwenye kidole hajajua kilichotokea.

Safisha kwanza. Kwa brashi na kitambaa, ondoa udongo kwenye nati zote, kwenye hesi zinazoonekana na chini ya washa. Usafi huu una sababu ya kihandisi. Katika kila sehemu kumi za nguvu unayotumia kuzungusha nati, karibu sehemu tano humezwa na msuguano chini ya uso wa nati, karibu nne humezwa na msuguano kwenye hesi, na moja tu ndiyo inayoivuta bolti. Vumbi likiongeza msuguano, spana itakuambia kwamba nati imekaza ilhali bolti haijavutwa. Na ukipaka oili au grisi kwenye hesi bila kitabu kusema hivyo, msuguano hupungua na mkazo ule ule huivuta bolti kupita kiasi. Viwango tulivyotaja ni vya hesi safi na kavu.

Kisha kagua mlegezo wa cheni. Katikati ya sproketi mbili, isukume cheni ya chini juu na chini kwa kidole na upime umbali inaocheza. Zungusha gurudumu taratibu na urudie mahali kadhaa, kwa sababu cheni iliyotumika haichakai sawasawa. Pima kwa kufuata mahali ilipobana zaidi. Kwa pikipiki nyingi ndogo mlegezo unaotakiwa huwa kati ya milimita 20 na 35, na kitabu hutaja kiwango kamili. Cheni isiyo na mlegezo si cheni salama. Abiria wanapopanda na uma wa nyuma unaposhuka, umbali kati ya sproketi mbili hubadilika, na cheni iliyobana huivuta shafti ya gia na kuharibu beringi zake.

Ikiwa cheni inahitaji kurekebishwa, chomoa kotapini na ulegeze nati ya ekseli. Baadhi ya pikipiki zina nati ya pili, kubwa zaidi, upande wa sproketi, inayoshikilia slivu ya sproketi kwenye uma. Nayo ilegezwe, vinginevyo upande mmoja utasogea na mwingine utabaki. Legeza pia nati za kufungia ajasta. Zungusha ajasta za pande zote mbili kwa kiasi kilicho sawa, robo mzunguko kwa robo mzunguko, na ulinganishe alama zilizochongwa kwenye uma kulia na kushoto. Gurudumu lililokaa upande hula meno ya sproketi na kuivuta pikipiki upande mmoja wa barabara.

Mlegezo ukiwa sawa, kaza kwanza nati kubwa ya upande wa sproketi kama ipo, kwa kiwango chake, kisha nati ya ekseli kwa jerikeni au mizani. Shika kichwa cha ekseli upande wa pili kwa spana nyingine ili isizunguke. Pima mlegezo wa cheni tena, kwa kuwa mara nyingi gurudumu husogea kidogo wakati wa kukaza. Nati za ajasta zikazwe kwa wepesi, kwani kazi yake ni kuzuia ajasta isijizungushe tu. Mwisho weka kotapini mpya. Ikiwa tundu la ekseli halilingani na mwanya wa nati, ongeza mkazo kidogo hadi ulingane. Usirudishe nati nyuma kulitafuta tundu. Msumari au waya wa uzio si kotapini, hata ukikunjwa kwa ustadi.

Kabla ya kuinuka, kagua fimbo inayoiunganisha sahani ya breki ya nyuma na uma. Nati zake mbili ni ndogo na husahaulika, lakini ndizo zinazoizuia sahani hiyo isizunguke pamoja na gurudumu unapokanyaga breki. Fimbo hiyo ikichomoka, gurudumu linaweza kujifunga ghafla. Kumbuka pia kwamba gurudumu likisogezwa nyuma, breki nayo hubadilika, na lazima irekebishwe upya kabla ya safari.

Sproketi na kiungo cha cheni

Sproketi ya mbele katika pikipiki nyingi ndogo hushikiliwa na bamba lenye bolti mbili za milimita 6. Kwa kuwa imejificha nyuma ya kifuniko, wengi huikumbuka pale tu inapoanza kulia. Bolti hizo ni za Nm 10 hivi, si zaidi, kwa hiyo spana fupi na nguvu ya vidole na kifundo cha mkono hutosha. Bomba la kurefushia spana lisifike hapa.

Sproketi ya nyuma hufungwa kwenye habu kwa bolti au nati nne au zaidi. Hizi zisikazwe moja baada ya nyingine kwa kuzunguka kama saa. Kaza moja, kisha ile iliyo mkabala nayo, kisha nyingine na mkabala wake, kwanza kwa nusu ya kiwango na baadaye kwa kiwango kamili. Ukikaza upande mmoja mpaka mwisho kwanza, sproketi hulala upande huo na nati za upande wa pili hudanganya spana. Ikiwa kuna bati la kufungia, kunja masikio yake yakumbatie nati. Sikio lililokwisha kukunjwa na kukunjuliwa mara kadhaa hupasuka, hivyo badilisha bati.

Cheni zenye kiungo cha kufungua zina klipu ndogo yenye ncha moja iliyofungwa na nyingine iliyo wazi. Ncha iliyofungwa lazima ielekee upande cheni inakokwenda. Kwa upande wa juu wa cheni, hiyo ni kuelekea mbele ya pikipiki. Klipu ikiwekwa kinyume, jiwe au kijiti kikigonga ncha iliyo wazi kinaweza kuing'oa.

Hakuna mkazo unaoweza kuponya cheni iliyochakaa. Katika cheni ya aina ya 428, ambayo ni ya kawaida kwa pikipiki za mizigo midogo, viungo 20 vikiwa vipya vina urefu wa milimita 254. Ivute cheni inyooke, hesabu pini 21 na upime kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya ile ya 21. Ukifika milimita 259, muda wake umekwisha. Nunua cheni pamoja na sproketi zake mbili, kwa kuwa meno yaliyochongoka ya sproketi kuukuu huiharibu cheni mpya kwa muda mfupi.

Mstari wa rangi na dakika mbili za asubuhi

Nati zote zikiisha kukazwa, chukua rangi ya kucha au rangi yoyote inayokauka na uchore mstari mmoja mwembamba unaopita juu ya nati na kuendelea hadi kwenye chuma kilicho kando yake. Mstari ukibaki umenyooka, nati haijasogea. Ukikatika, yaani nusu ya nati ikiwa upande mmoja na nusu ya chuma upande mwingine, nati imeanza safari yake ya kurudi. Alama hii humwezesha hata asiyejua namba wala spana, mtoto wa nyumbani au abiria, kuona hatari kabla haijatokea.

Tazama mistari hiyo kila asubuhi kabla ya kuwasha injini. Baada ya kubadilisha cheni, sproketi au tairi, pima mkazo tena baada ya safari ya kwanza, kwa kuwa rangi, kutu na vipande vipya hukaa vizuri zaidi vikishafanya kazi, na mkazo hupungua kidogo. Nati inayolegea mara kwa mara ijapokuwa imekazwa kwa kipimo haihitaji nguvu zaidi. Inadai uchunguzi: hesi zimeliwa, washa imekosekana, raba za habu zimekwisha, au beringi ya gurudumu imechakaa. Kuichomea nati kwa umeme ili isifunguke ni kuificha alama ya ugonjwa, na kumnyima fundi wa kesho njia ya kuutibu.

Kuna kazi ambazo zafaa kuachiwa fundi mwenye vifaa: hesi zilizoliwa ndani ya aluminiamu, ekseli iliyopinda, uma uliopasuka, na shafti ya gia inayocheza. Lakini kukaza nati za gurudumu na cheni kwa kipimo si miongoni mwa hizo. Kunahitaji kitabu au kiwango kilichoandikwa, spana inayoenea sawasawa kwenye nati, rula, kotapini mpya na maji yaliyochotwa kisimani. Kwa yule ambaye abiria wa leo usiku anaweza kuwa mgonjwa wa jirani yake, nusu saa hiyo ya Jumamosi ni sehemu ya nauli anayowadai watu.